Dozi tano kwa sikio lisilo na usaha: uchambuzi wa kisa

Mtoto aliingia akiwa amejilaza begani kwa mama yake. Alikuwa na miezi 19, na ndani ya miezi saba iliyopita alikuwa ameandikiwa antibayotiki mara tano. Mara zote tano sababu ilikuwa moja: maambukizi ya sikio la kati. Nilifungua daftari lake nikatafuta nini hasa kilionekana sikioni siku hizo. Nilikuta maneno mawili matatu kila mahali: "ngoma nyekundu", "ngoma nyekundu, kulia", "nyekundu, pande zote". Hakuna aliyeandika kama ngoma, ule utando unaotenganisha njia ya sikio na sikio la kati, ilikuwa imetuna, kama ilikuwa inacheza ikisukumwa na hewa, au kama nyuma yake kulikuwa na kitu.

Nimebadilisha mambo kadhaa ili mtoto huyu asitambulike. Nimeona kisa chake kinafaa kuandikwa kwa sababu kosa lililompata linawapata watoto wengi sana, na kwa sababu vifaa vipya vya kuchunguza sikio vingeweza kulizuia. Lakini nusura vifaa hivyo hivyo vituingize kwenye kosa hilo kwa mara ya sita, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Siku ya kwanza

Safari hii hakuletwa kwa maumivu. Alikuwa na mafua ya siku tatu na joto la nyuzi 37.9, lakini alikuwa anakula na kulala vizuri. Lililomleta hasa mama alilisema mwishoni, baada ya kumaliza habari za mafua: "Daktari, nikimwita hageuki. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi. Dada yake alipofika umri huu alikuwa anaongea maneno mengi. Huyu ana matatu tu."

Niliandika sentensi hiyo kama ilivyo, kwa sababu ilikuwa na uzito kuliko yote yaliyokuwa daftarini.

Asiyewahi kutazama sikio la mtoto wa umri huu huenda akadhani ni jambo la kuchungulia tu. Sivyo. Mama anampakata, mkono mmoja umeshika kichwa, mwingine umezuia mikono. Njia ya sikio ni nyembamba na ina nta. Ukiingiza otoskopu ya kawaida, kile kifaa chenye taa cha kutazamia sikio, unaiona ngoma kwa jicho moja, sekunde moja au mbili, kabla mtoto hajatikisa kichwa. Ulichokiona umekiona peke yako. Hakuna wa kukuuliza, hakuna wa kukusahihisha, na kinachobaki kwenye kumbukumbu ni neno moja ulilochagua. Zaidi ya hayo, mtoto analia, na kilio chenyewe hufanya ngoma iwe nyekundu. Homa nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo rangi nyekundu peke yake inakwambia kidogo sana.

Ndiyo maana mwongozo wa Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani wa mwaka 2013 uliweka uzito kwenye kutuna kwa ngoma. Ngoma iliyotuna kwa kiasi cha kati au zaidi, au usaha mpya unaotoka sikioni bila kuwa ni ugonjwa wa njia ya nje, hayo ndiyo maambukizi makali. Ngoma iliyotuna kidogo inahesabiwa tu ikiwa pia kuna maumivu yaliyoanza ndani ya saa 48 au wekundu mkali. Na kama hakuna majimaji nyuma ya ngoma, mwongozo unasema usitaje maambukizi makali kabisa.

Kuisoma kanuni ni rahisi. Kazi iko kwenye jicho. Mwaka 2001 watafiti Pichichero na Poole walichapisha utafiti ambao madaktari wa watoto 514 na madaktari wa masikio 188 walionyeshwa video za ngoma za masikio na kutakiwa kutaja ugonjwa. Madaktari wa watoto walipatia nusu, yaani asilimia 50. Madaktari wa masikio walipatia asilimia 73. Na hizo zilikuwa video zilizotulia, hakuna mtoto anayerusha mateke. Nikilisoma daftari la mtoto huyu nikiwa na takwimu hizo kichwani, siwezi kumlaumu mwenzangu yeyote aliyeandika "nyekundu". Aliandika alichobahatika kukiona.

Tulianza kwa kuondoa nta kwa kijiko kidogo cha masikio. Hatua hii huchosha na hurukwa mara nyingi, ila bila hiyo kila kifaa kinachofuata hakina maana. Kisha nikatumia otoskopu yenye kamera iliyounganishwa na simu, nikarekodi sekunde kumi na mbili. Mtoto alilia karibu zote. Lakini safari hii sikulazimika kuamua huku analia. Nilimrudishia mama mtoto wake, akatulia, ndipo nikairudisha video nyuma na kuisimamisha.

Kati ya sekunde hizo kumi na mbili nilipata picha tatu safi. Sikio la kulia: ngoma ina rangi ya kaharabu, imevutwa ndani kidogo, mpini wa kijifupa cha nyundo umejitokeza kama ubavu wa mtu aliyekonda. Chini yake mstari mwembamba uliopinda, na juu ya mstari viputo viwili vya hewa. Sikio la kushoto: ngoma imefifia, rangi ya manjano-kahawia, haikutuna wala haikuvutwa. Kingoni kulikuwa na wekundu, pande zote mbili. Nikaelewa basi daftari lile liliandikwaje: ungechungulia sekunde moja huku mtoto analia, wekundu ndio ungekuwa wa kwanza kukufikia.

Mama alisogea akatazama skrini. "Hivyo viputo ni nini?" Nikamwambia ni hewa iliyonaswa juu ya majimaji, kama kwenye chupa iliyolazwa. Alikaa kimya kidogo kisha akauliza swali ambalo lilinikaa rohoni: "Kwa hiyo zile dawa zote zilikuwa za nini?"

Mstari ulionyooka, na kosa lililokaribia

Tulifanya vipimo viwili zaidi. Otoskopu ya hewa, ile yenye kipira cha kubonyeza, ilionyesha kwamba ngoma zote mbili hazichezi. Kifaa hicho si kipya hata kidogo. Kimekuwapo tangu karne ya 19, na kikiwa mikononi mwa aliyefunzwa kinagundua karibu asilimia 94 ya masikio yenye majimaji. Ila kinahitaji njia ya sikio izibwe vizuri na mtoto atulie, ndiyo sababu vipira vingi huishia kabatini.

Kisha timpanometri. Kifaa kinatoa mlio mmoja mfululizo huku kikibadilisha msukumo wa hewa, na kinapima ngoma inavyoitikia. Sikio lenye hewa huchora kilima. Sikio la mtoto huyu lilichora mstari ulionyooka, kulia na kushoto, na ujazo wa njia ya sikio ulikuwa mdogo kama inavyotarajiwa kwa umri wake. Ujazo huo una maana. Mstari ulionyooka wenye ujazo mkubwa ungeashiria tundu kwenye ngoma. Wenye ujazo wa kawaida unaashiria majimaji.

Hapo ndipo kosa lilipotaka kurudi. Mwenzangu tuliyekuwa naye, mtu makini ninayemheshimu, alitazama mstari ule akasema, "Basi, kipimo kimethibitisha." Tayari alikuwa anaandika dozi ya sita. Alikuwa na homa ndogo mbele yake, wekundu kwenye ngoma, na sasa mashine inayosema kuna tatizo. Vitu vitatu vikiungana hivyo, mkono hufika kwenye antibayotiki wenyewe.

Lakini mashine haikusema kuna maambukizi. Ilisema kuna majimaji. Hayo ni maswali mawili tofauti, na kifaa kile kiliulizwa moja tu. Majimaji yanaweza kukaa nyuma ya ngoma wiki nyingi bila vijidudu vinavyohitaji dawa: mrija unaopeleka hewa kutoka nyuma ya pua hadi sikio la kati umeziba, na kwa watoto wadogo mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo huziba kwa mafua madogo tu. Hata baada ya maambukizi ya kweli kutibiwa, majimaji hubaki. Ufuatiliaji wa watoto uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba mwezi mmoja baadaye watoto wapatao 40 kwa kila 100 bado wanayo, na baada ya miezi mitatu bado wapo 10. Ukimpima mtoto kama huyo kwa timpanometri siku yoyote kati ya hizo, utapata mstari ulionyooka. Ukiusoma kama maambukizi, utamtibu tena na tena ugonjwa uliokwisha.

Jibu la swali la pili lilikuwa kwenye picha. Ngoma haikutuna. Tulikaa wawili mbele ya skrini tukaitazama tena, mwenzangu akafuta alichoandika. Jambo hilo lisingewezekana kwa otoskopu ya kawaida, kwa sababu tungekuwa na kumbukumbu zangu dhidi ya mashine, na mashine ingeshinda.

Utambuzi: majimaji katika masikio yote mawili bila maambukizi makali. Tiba ya siku hiyo: hakuna dawa. Antibayotiki haisaidii hali hii, wala dawa za mzio au za kukausha pua. Kinachofanyika ni kufuatilia kwa miezi mitatu, na kama majimaji hayajaondoka, usikivu upimwe.

Miezi mitatu kuanzia lini? Hapa nilikwama, na bado naona ni sehemu inayouma kuliko zote katika kisa hiki. Saa inaanza kuhesabiwa tangu majimaji yalipoanza, kama tarehe inajulikana. Kama haijulikani, tangu siku yalipogunduliwa. Daftari lilikuwa na ziara tano ndani ya miezi saba. Yawezekana majimaji yalikuwapo tangu ziara ya pili. Yawezekana yalitoka yakarudi. Neno "nyekundu" halikuniruhusu kujua. Tukaanza kuhesabu kutoka sifuri, kwa mtoto aliyekuwa katika umri ambao kila mwezi wa kusikia vizuri unajenga lugha.

Wiki ya tano

Aliletwa usiku. Joto 39.2, analia bila kunyamaza, anavuta sikio la kushoto, hajalala. Kama ningekuwa na maneno ya daftari tu, ningesema ni yale yale. Nilifungua picha ya wiki tano zilizopita nikaiweka kando ya mpya.

Hazikufanana. Ngoma ya kushoto ilikuwa imetuna kuja nje kiasi kwamba mpini wa nyundo haukuonekana. Katikati palibonyea mahali inapong'ang'ania kijifupa, kote kuzunguka pamefura kama andazi. Rangi ilikuwa manjano nzito yenye mishipa ya damu. Hayo yalikuwa maambukizi makali, na kwa mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye homa ya kiasi hicho hakuna cha kusubiri. Alipata dawa ya maumivu palepale, maana maumivu ya sikio ni makali na antibayotiki hailiponyi usiku huo. Kisha amoksilini kwa kipimo cha juu, miligramu 80 hadi 90 kwa kila kilo kwa siku, siku kumi. Zaidi ya siku 30 zilikuwa zimepita tangu dozi yake ya mwisho. Ingekuwa ndani ya siku hizo, ningelazimika kuchagua dawa nzito zaidi. Kwa hiyo dozi ile tuliyoizuia siku ya kwanza ilitufaa wiki tano baadaye.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mazungumzo ya teknolojia ya masikio mara nyingi huishia kwenye kupunguza antibiotiki, kana kwamba ndilo lengo pekee. Kuna mtoto mwingine ambaye hatari yake ni kinyume: ngoma imetuna, nta imefunika, hakuna aliyeona, anarudishwa nyumbani na dawa ya mafua. Sikio likipasuka na kutoa usaha kwa wiki mbili au zaidi tunazungumzia ugonjwa sugu, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliweka wagonjwa wapya wa aina hiyo kuwa milioni 31 kila mwaka duniani. Kuona vizuri kunahitajika kwa watoto wote wawili.

Vifaa vipya vinajibu nini

Baada ya kisa hiki nimekuwa nikivipanga vifaa vipya kwa swali ambalo kila kimoja kinalijibu, si kwa ung'avu wake.

Kuna vinavyouliza: je, kuna majimaji? Maarufu kati yao ni ile programu ya simu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, iliyochapishwa mwaka 2019. Unakunja karatasi kuwa koni, unaielekeza sikioni, spika ya simu inatoa mlio mfupi, na maikrofoni inasikiliza mwangwi. Gonga mtungi mtupu, kisha ugonge uliojaa maji; sikio nalo hivyo hivyo. Katika masikio 98 programu iligundua yenye majimaji kwa asilimia 85, na yasiyo nayo iliyatambua kwa asilimia 82. Ni kazi nzuri sana kwa karatasi na simu. Lakini ifanyie hesabu. Chukua watoto 100 wa kliniki ya masikio, 40 wana majimaji: itawapata 34 na itawashuku bure kama 11. Sasa chukua watoto 100 nyumbani ambao 10 tu wana majimaji: itawapata 8 au 9, na itawashuku bure 16. Simu ni ile ile, karatasi ni ile ile, ila jibu la "ndiyo" limepoteza nusu ya thamani yake. Na hata likiwa la kweli, bado ni majimaji tu. Mama wa mtoto huyu angepata "ndiyo" kila wiki kwa miezi.

Kuna vinavyotazama kwa mwanga ambao macho yetu hayaoni. Kundi la Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), Marekani, lilionyesha mwaka 2016 kwamba kwenye mwanga wa infraredi ya mawimbi mafupi, majimaji nyuma ya ngoma huonekana meusi, kwa kuwa maji hunyonya mwanga huo. Hapo hutegemei tena kutofautisha kaharabu na waridi ndani ya sekunde moja. Swali bado ni lile la kwanza, ila limejibiwa kwa picha.

Kuna kinachouliza: majimaji gani? Upigaji picha wa tabaka kwa mwanga ulianza MIT mwaka 1991 na madaktari wa macho wanautumia kila siku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliugeuza kuelekea sikioni, na mwaka 2012 walichapisha picha za utando wa bakteria ulioganda nyuma ya ngoma kwa wagonjwa walio hai, bila kutoboa chochote. Utando huo ni bakteria waliojifunika ute wao wenyewe, na dawa huwafikia kwa shida. Mtoto anayerudia maambukizi mara kwa mara huenda ana kitu kama hicho, na hakuna jicho wala mwangwi unaoweza kukionyesha.

Na kuna akili mnemba inayouliza swali ninalolitaka: je, haya ni maambukizi makali? Kundi la Chuo Kikuu cha Pittsburgh lilichapisha mwaka 2024 programu iliyofunzwa kwa video 1,151 za watoto 635. Iligundua maambukizi kwa asilimia 93.8 na kuyakanusha pasipo nayo kwa asilimia 93.5. Lililonivutia zaidi ya asilimia hizo ni kwamba kila mara ilipotaja maambukizi kwenye video za majaribio, ngoma ilikuwa imetuna. Haikudanganywa na wekundu. Kuna pia kazi ya miaka ya nyuma ya Chuo Kikuu cha Pretoria na cha Umeå, ya mwaka 2016, ambayo usahihi wake ulikuwa karibu asilimia 80 tu, ila ina jambo ambalo ningependa kila programu iige: kati ya majibu yake matano, moja ni kwamba nta imeziba. Programu inayolazimika kusema ndiyo au hapana itasema hata ikiwa mbele yake kuna nta tupu, na mtu aliyechoka saa mbili usiku ataiamini.

Mwisho wa hesabu

Maambukizi ya kushoto yalipona. Majimaji hayakuondoka. Miezi mitatu baada ya siku ya kwanza picha zilionyesha kaharabu pande zote, mstari wa timpanometri ukiwa bado umenyooka, na kipimo cha usikivu kikaonyesha kwamba sauti ilibidi ifike wastani wa desibeli 35 ndipo ageuke. Kwa kiwango hicho sauti ya mama bado inasikika, ila konsonanti dhaifu kama s na f huzama. Neno kama "fisi" humfikia kama irabu mbili.

Aliwekewa vijirija vya hewa kwenye ngoma zote mbili. Daktari wa masikio alisema kilichovutwa upande wa kulia kilikuwa kizito kama gundi. Timpanometri baada ya hapo ilichora tena mstari ulionyooka, safari hii na ujazo mkubwa, kama inavyopaswa kijirija kikiwa wazi. Usikivu ulipopimwa tena ulikuwa wa kawaida, na miezi miwili baadaye mama aliacha kuhesabu maneno.

Aliomba nakala za picha zote, nami nikampa. Baadaye mtoto alipata mafua wakiwa safarini, akapelekwa kwa mganga mwingine ambaye hakuwahi kumwona. Analia, ngoma nyekundu. Mama alitoa simu, akaonyesha picha ya ziara ya mwisho, wakatazama pamoja: vijirija mahali pake, viko wazi, hakuna usaha unaotoka. Alipewa dawa ya homa, masikio yakaachwa kama yalivyo.